Mwongozo Kamili: Kuandaa Ziara Binafsi ya Maeneo ya Kale kutoka Dodoma hadi Kondoa, Iringa na Tabora

Wasomaji wanaopanga ziara hii hukwama karibu mahali palepale. Gari hukodiwa mapema, vyumba hulipiwa, fulana za kundi huchapishwa, kisha msafara unafika Kolo, kijiji cha wilaya ya Kondoa, saa saba mchana na kuambiwa kwamba mwongozaji amekwenda mlimani na wageni wengine, na kwamba Noah iliyobeba watu saba na mizigo yao haiwezi kupanda njia ya kwenda kwenye miamba yenye michoro. Fedha zilikuwapo na nia ilikuwapo, lakini mpangilio ulikuwa kinyume: mtu anayeshika ufunguo wa eneo alitafutwa mwisho, ilhali ndiye anayepaswa kutafutwa wa kwanza.

Mwongozo huu ni kwa familia au kundi dogo la watu wanne hadi saba, wenye gari lao au la kukodi, wanaotaka kuongozwa wao peke yao badala ya kuunganishwa na wageni wengine. Unaanzia na kuishia Dodoma.

## Mahitaji kabla ya kuanza

- Vitambulisho vya wote, hasa kitambulisho cha NIDA kwa Watanzania na kibali cha ukaazi kwa wageni wanaoishi nchini. Viingilio vya raia, wakaazi na wageni hutofautiana, na asiyethibitisha uraia wake anaweza kutozwa kama mgeni.
- Orodha ya majina ya kundi, iliyochapishwa nakala kadhaa, yenye uraia na namba ya simu ya kiongozi wa msafara.
- Simu yenye salio la kulipia malipo ya serikali, pamoja na fedha taslimu kidogo za noti ndogondogo.
- Gari la magurudumu manne yenye nguvu, angalau kwa sehemu ya Kondoa.
- Viatu vya kufunga, kofia, tochi, maji ya kutosha na dawa za huduma ya kwanza.
- Sweta kwa ajili ya Iringa, ambako baridi ya Juni hadi Agosti huwashangaza waliozoea jua la Dodoma. Vyandarua au dawa ya mbu kwa ajili ya Tabora.
- Ramani iliyopakuliwa kwenye simu, kwa sababu mtandao hukatika mara tu unapoacha barabara kuu.

## Hatua ya 1: Chora njia, kisha ipunguze

Ziara kamili ina mikono mitatu inayotoka Dodoma. Mkono wa kaskazini unakwenda Kondoa na Kolo, ambako ipo Michoro ya Miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mkono wa kusini unapita Mtera hadi Iringa, penye makumbusho ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kule Kalenga, bonde la Isimila lenye zana za mawe za kale na jengo la Boma mjini. Mkono wa magharibi unapita Manyoni na Itigi hadi Tabora, ambako lipo Tembe la Livingstone, nyumba alimokaa mmisionari na mpelelezi huyo Mskoti, huko Kwihara.

Umbali ndio unaowaponza wengi. Dodoma hadi Kondoa ni takriban kilomita 160, na Kolo iko mbele kidogo kwenye barabara ileile ya Babati. Dodoma hadi Iringa ni takriban kilomita 260. Dodoma hadi Tabora kwa njia ya Manyoni ni karibu kilomita 380. Ukijumlisha kwenda na kurudi, bila mizunguko ya ndani, hazipungui kilomita 1,600. Anayetaka kumaliza mikono yote mitatu anahitaji siku tisa, na mwenye siku nne achague mmoja au miwili tu.

Ukilazimika kuchagua mmoja, chagua Iringa, kwa sababu maeneo yake yako karibukaribu na kila kituo kina jambo la kuonyesha hata kwa mtoto. Kolo ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, ila inadai miguu na subira. Ujiji, alikokutana Livingstone na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, mwaka 1871, iache kwa safari nyingine: kutoka Tabora hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 400 nyingine, na kuibandika mwishoni mwa ziara hii ni kuwachosha watu hadi wasiangalie chochote.

Majira nayo yana neno. Mvua za kanda ya kati huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo inayofaa, kwa kuwa njia za vumbi za Kolo hupitika na bonde la Isimila halina maji.

## Hatua ya 2: Mtafute mwenye ufunguo kabla ya kutafuta gari

Hii ndiyo hatua inayorukwa, kwa hiyo ichukulie muda mrefu kuliko nyingine zote.

Maeneo ya kale nchini yanasimamiwa kisheria chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, ambayo ina Idara ya Mambo ya Kale, lakini baadhi ya vituo vimekabidhiwa kwa taasisi nyingine za uhifadhi, na makumbusho kadhaa ya mikoani huendeshwa na vyombo tofauti kabisa. Kwa sababu hiyo, simu moja haitoshi. Piga simu au fika kwenye ofisi za maliasili na utalii za mkoa au halmashauri husika, uliza ni nani mhifadhi wa kituo unachotaka, upate namba yake, kisha zungumza naye mwenyewe.

Ukimpata mhifadhi, muulize mambo haya kwa mpangilio huu, na uandike majibu:

1. Kituo hufunguliwa saa ngapi, na je, kuna siku ambayo hakuna mtu?
2. Kiingilio ni kiasi gani kwa raia, kwa mkaazi, kwa mgeni na kwa mtoto?
3. Malipo hufanyika vipi? Jibu sahihi ni kwamba utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, utakayoilipia benki, kwa wakala au kwa simu.
4. Mwongozaji wa kituo yupo, na anaweza kuwekewa nafasi kwa kundi letu peke yake?
5. Gari gani linafika, na kutoka linapoishia tunatembea kwa muda gani?
6. Kupiga picha za video kunahitaji kibali kingine?

Swali la tano ndilo linaloamua gari, na ndiyo maana gari halikodiwi kabla yake.

Tahadhari: usimtumie mtu yeyote fedha za kiingilio kwenye namba yake binafsi, hata akijitambulisha kuwa ni mfanyakazi wa kituo. Malipo ya serikali yana namba ya kumbukumbu na risiti. Asiyeweza kukupa hivyo viwili, mshukuru kwa upole na umtafute mwingine.

Kwa makazi ya ukoo wa watawala ambayo bado yana wenyewe, kama Itetemia nje kidogo ya Tabora panapohusishwa na watemi wa Unyanyembe, utawala wa kale wa Wanyamwezi, hakuna geti wala risiti, lakini kuna wazee. Hapo hodi hupitia kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye ataipeleka salamu yako kwa familia na kukurudishia jibu. Jibu likichelewa, usiende. Likija la kukataa, usibembeleze.

Umefanikiwa katika hatua hii pale unapokuwa na karatasi moja yenye jina la kituo, jina la mhifadhi, namba yake, saa za kufungua, kiingilio na aina ya gari, kwa kila kituo bila kuacha kimoja.

## Hatua ya 3: Amua ni nani ataongoza

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuajiri kampuni ya utalii itakayotoa gari, dereva na mwongoza watalii wa safari nzima. Ya pili ni kuwa na kiongozi wa msafara kutoka miongoni mwenu na kuchukua mwongozaji wa kila kituo mnapofika.

Nashauri ya pili kwa wenyeji. Mwongozaji anayesafiri nanyi siku tisa atajua kidogo kuhusu kila mahali, lakini yule wa Kolo anajua ni mwamba upi unaopata mwanga wa asubuhi, na wa Kalenga huenda amezaliwa umbali wa kutupa jiwe kutoka kwenye makumbusho. Mtu wa kampuni anafaa zaidi kundi lenye wageni wasiojua Kiswahili.

Ukichagua kampuni, omba kuona leseni yake ya biashara ya utalii, ile inayoitwa TALA, ikiwa hai kwa mwaka huu. Hakikisha pia nukuu ya bei imetenganisha gari, mafuta, malazi, viingilio na malipo ya mwongozaji. Nukuu yenye jumla moja tu isiyo na mchanganuo ndiyo mama wa ugomvi wa siku ya tano.

## Hatua ya 4: Kodi gari kwa maandishi

Kwa mkono wa Iringa na wa Tabora, gari la kawaida lililo zima linatosha kwenye barabara kuu. Kwa Kolo, chukua Land Cruiser au gari jingine lililoinuka. Wapo wanaokodi gari moja la juu kwa safari nzima, na wapo wanaotumia gari dogo kisha kukodi kubwa kwa siku mbili za Kondoa tu. Njia hii ya mwisho hupunguza gharama, mradi gari kubwa liwe limethibitishwa.

Mkataba, hata wa ukurasa mmoja, ujibu yafuatayo: mafuta ni ya nani, posho na malazi ya dereva ni ya nani, gari likiharibika Itigi usiku, nani analeta lingine na kwa muda gani, na je, bei ina kikomo cha kilomita. Hesabu ya mafuta ifanye mwenyewe. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita moja litatumia lita 200 kwa kilomita 1,600, nawe ongeza angalau sehemu moja ya kumi kwa mizunguko ya ndani na milima.

Kagua stika ya bima kwa kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, badala ya kuiangalia kwa macho tu, na uone leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa gari la biashara. Kisha kagua tairi la akiba, jeki na mikanda ya viti vyote.

## Hatua ya 5: Panga ratiba kwa saa

Vijiji vya njiani vina vibao vya mwendo wa kilomita 50 kwa saa, na trafiki wapo. Mwendo wa wastani wa kweli, ukijumlisha vituo vya choo na chakula, ni karibu kilomita 60 kwa saa, nawe ugawanye kila umbali kwa kiasi hicho. Iringa basi ni saa nne na nusu hadi tano, na Tabora ni zaidi ya saa sita.

Mgawanyo unaofanya kazi ni huu: siku ya kwanza na ya pili Kondoa, mkilala mjini Kondoa na kurudi Dodoma jioni ya pili, ya tatu hadi ya tano Iringa, na kurudi, ya sita mapumziko Dodoma, ya saba hadi ya tisa Tabora, na kurudi. Usiifute siku ya sita, kwa kuwa ndiyo inayomeza pancha, homa ya mtoto au mhifadhi aliyeitwa kikaoni.

Siku hiyohiyo ya mapumziko huweza kutumika kuona Dodoma yenyewe. Ukumbi wa Bunge hutembelewa kwa mpango wa mapema na Ofisi ya Bunge au kwa mwaliko wa mbunge. Ikulu ya Chamwino, iliyozinduliwa Mei 2023, si kituo cha kupita na kupiga hodi, wala lango lake si mahali pa kujipigia picha. Wanaotoka Dar es Salaam na Morogoro wanaweza kuungana na kundi Dodoma kwa treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi huku mwaka 2024, na hivyo kuokoa siku nzima ya barabarani.

## Hatua ya 6: Kolo, mlima na miamba

Ondokeni Dodoma saa 12 asubuhi. Barabara ni ya lami hadi Kolo, nanyi msisimame Kondoa kwa zaidi ya chai, kwa kuwa chumba kitawasubiri jioni.

Kituo cha kwanza ni ofisi ya mambo ya kale iliyopo kijijini Kolo, kando ya barabara kuu. Hapo ndipo majina huandikwa, malipo huthibitishwa na mwongozaji hupanda gari lenu, hivyo acheni kiti kimoja wazi. Watu hulisahau hili, kisha hulazimika kumshusha mama mkwe ofisini ili mwongozaji apate pa kukaa.

Eneo la Urithi wa Dunia lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336 na miamba yenye michoro zaidi ya 150, kwa hiyo hakuna anayeiona yote. Kwa mara ya kwanza, ombeni kundi la Mungumi wa Kolo, ambalo lina maeneo matatu yaliyo karibu. Gari huacha barabara kuu, hupita njia mbaya kuelekea mashariki, kisha mnapanda kwa miguu. Mpando ni mkali mahali pengine, na mwenye goti bovu aulize mapema ni mwamba upi unaofikika kwa urahisi.

Mkifika, msikimbilie kamera. Simameni kimya dakika chache hadi macho yazoee, kwani michoro mingi imefifia na haijionyeshi kwa anayepita haraka. Mwanzoni utaona mabaka mekundu tu. Kisha twiga anajitokeza shingo, halafu binadamu warefu, wembamba kama mabua, wenye vichwa vilivyotanuka kana kwamba wamesukwa nywele au wamevaa vinyago. Kwenye mwamba mmoja kuna watu watano waliosimama pamoja, wa katikati akiwa ameshikwa mikono kutoka pande mbili, na kila mwongozaji ana maelezo yake juu ya kinachoendelea pale. Mwulizeni anasemaje yeye, kisha mwulizeni wazee wa kijiji wanasemaje. Michoro myekundu ni kazi ya wawindaji wa kale, na ile myeupe, minene zaidi, ilikuja baadaye.

Tahadhari ni tatu na hazina mjadala. Usiguse mwamba, kwani mafuta ya ngozi huharibu rangi. Usimwagie maji ili mchoro ung'ae, hata kama umewahi kuona mtu akifanya hivyo, kwa sababu maji huuondoa taratibu. Usitumie mwanga wa kamera. Aidha, baadhi ya miamba ya Mungumi bado hutumiwa na wenyeji kwa matambiko, na mkikuta dalili zake, viacheni vitu kama vilivyo na mfuateni mwongozaji.

Siku ya pili tembeleeni eneo moja tu zaidi, kwa mfano upande wa Pahi, kisha rudini Dodoma.

## Hatua ya 7: Iringa, siku tatu

Mkiondoka Dodoma asubuhi mtapita bwawa la Mtera, panapouzwa samaki njiani. Nunueni wakati wa kurudi. Samaki mbichi ndani ya gari lililofungwa vioo ni mateso kwa wote.

Mchana wa kwanza unatosha kwa Boma la Iringa, jengo la enzi ya Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Lianze hilo, kwa kuwa linatoa picha ya mkoa mzima, na mtakayoyaona kesho yatakuwa na pa kushika.

Asubuhi ya pili nendeni Isimila, takriban kilomita 20 kutoka mjini, kwenye barabara ya Mbeya. Fikeni mapema. Bonde halina kivuli, na nguzo zake za udongo mgumu zilizochongwa na mmomonyoko huonekana vizuri jua likiwa limeinama. Kwanza tazameni mashoka ya mawe, ndipo mshuke bondeni. Mawingu meusi yakionekana upande wa juu, pandeni mara moja, kwani mkondo hujaa haraka.

Mchana nendeni Kalenga, takriban kilomita 15 kutoka Iringa, kwenye barabara ya Ruaha. Hapo palikuwa ngome ya Mkwawa, iliyoangushwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Makumbusho ni madogo, na mtu asiye na maswali huyamaliza kwa dakika kumi. Fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na kupokelewa na mjukuu wake Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge, limehifadhiwa humo. Waandaeni watoto kabla ya kuingia, vueni kofia, na ombeni ruhusa kabla ya picha. Kisha mwombeni mwongozaji awatoe nje awaonyeshe mabaki ya ukuta wa ngome. Wengi huondoka bila kujua kwamba wamekanyaga juu yake.

Siku ya kurudi, wenye saa mbili za ziada wapite Lugalo, kwenye barabara ya Dar es Salaam, penye mnara wa mapigano ya Wahehe na Wajerumani ya tarehe 17 Agosti 1891.

## Hatua ya 8: Tabora

Siku ya kwanza ni ya barabara tu. Jazeni mafuta Manyoni na msitegemee kituo cha mbele. Kati ya Itigi na Tabora kuna mapori marefu, nanyi msiyapite usiku.

Kwihara iko kilomita chache nje ya mji. Mpigieni mhifadhi jioni ya kufika na tena asubuhi kabla ya kutoka hotelini, kwani wageni hawafiki kila siku na kituo kinaweza kuwa kimefungwa, naye yuko shambani. Tembe lenyewe ni jengo la udongo lenye paa bapa na mlango wa nakshi. Livingstone alikaa humo mwaka 1872: Stanley aliondoka Machi kurudi pwani, naye akabaki akisubiri wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Mgogo atalitambua paa lile mara moja, na ni vizuri kuwauliza watoto wa Dodoma wameona wapi jengo kama hilo.

Mjini, tazameni stesheni ya reli na majengo ya kale kwa nje. Yanayotumiwa na ofisi za serikali au vyombo vya ulinzi msiyapige picha bila ruhusa.

## Hatua ya 9: Malipo ya mwisho na risiti

Ahsante ya mwongozaji hutolewa mkononi mwake, mbali na kiingilio, na mwisho wa matembezi, kamwe si mwanzoni. Risiti zote ziwekwe kwenye bahasha moja kwa tarehe. Mhasibu wa kundi afunge hesabu kila usiku kabla ya kulala, kila mtu akiona daftari, kisha salio lililobaki ligawanywe Dodoma kabla ya watu kushuka garini.